Modeli ya poromoko kubwa: kifusi kinakwama korongoni

mwamba_78
Wakuu, naomba msaada. Naiga kwa kompyuta poromoko la mwamba la mita za ujazo milioni 12 kwa fomula ya Voellmy ya ukinzani wa kifusi: msuguano μ 0.1, na ξ (kigezo cha ukinzani unaokua kwa kasi) 500 m/s². Data za mwinuko ni gridi ya seli za mita 30. Kifusi kinakwama korongoni, kilomita 2.6 kutoka chanzo, wakati poromoko la kale la ujazo kama huo lilifika kilomita 4.5 na kushuka mita 900. Nikishusha μ hadi 0.06, kinafika. Niiache hapo?

gridi
Usiiache. Kushuka mita 900 kwa umbali wa 4,500 ni 0.2, uwiano wa kawaida kwa ujazo huo. μ ya 0.1 iko chini yake sana, kwa hiyo msuguano siyo unaokikwamisha. Korongo lina upana gani?

mwamba_78
Kama mita 80.

gridi
Basi korongo umelipatia seli mbili au tatu tu, na huenda mwinuko wake umepimwa juu ya miti badala ya ardhi. Chora mkato wa mwinuko kufuata kitako cha korongo. Kitako kikipanda kuelekea chini, hilo ni bwawa la uongo. Lirekebishe hapohapo, usijaze mashimo yote ya ramani kwa amri moja, maana mengine ni ya kweli. Tafuta gridi ya mita 5 au 10. Jiandae kusubiri: kutoka 30 hadi 10 seli huongezeka mara 9 na hatua za muda mara 3, yaani hesabu mara 27.

Hakikisha pia umechimba ujazo wa chanzo kutoka kwenye ardhi. Wengi huuweka juu ya mlima uleule, mlima ukabaki mzima na kifusi kikapata kimo cha bure. Mwamba ukivunjika huvimba. Milioni 12 huwa kama 15.

kasi_kwanza
Naongezea. Umbali peke yake hautoshi kupima vigezo, kwani jozi nyingi za μ na ξ hufika mahali pamoja kwa kasi tofauti kabisa. Tafuta mahali kifusi cha kale kilipopanda ukuta wa mbele. Kikipanda mita 50, kwa √(2gh), g ikiwa mvutano wa dunia na h kimo, kilikuja kwa angalau 31 m/s hivi. Jozi isiyofikia kasi hiyo itupe, hata kama inasimama mahali sahihi.

Angalia pia udongo wenye maji sakafuni mwa bonde. Kifusi kikiubeba, ujazo hukua na msuguano hushuka, na modeli isiyohesabu hilo hukulazimisha kushusha μ kila mahali, hata kwenye mwamba mkavu.

hatari_na_namba
Ukishapima, usichore mpaka mmoja wa hatari. Endesha mamia kadhaa ya majaribio: ujazo milioni 5 hadi 25, μ 0.05 hadi 0.2, ξ 200 hadi 1,000. Lakini ramani ikionyesha nyumba imefikiwa katika asilimia 40 ya majaribio, hiyo *si* uwezekano wa nyumba kufikiwa katika mwaka. Ni iwapo mteremko umekwisha kuporomoka. Uzidishe kwa uwezekano wa kuporomoka kwenyewe, ambao modeli hii haiujui kabisa.

Na kama chini kuna bwawa, kifusi ni nusu ya hesabu. Vajont, Italia, 1963, takriban mita za ujazo milioni 270 ziliingia majini. Ukuta wa bwawa ulibaki umesimama. Wimbi lililoruka juu yake ndilo lililoua karibu watu 2,000.