Naomba ushauri: mtu aitumie programu yangu kwanza, au ajisajili kwanza?

Kijana_wa_Uyole:
Wanajukwaa, salaam. Nimetengeneza programu ya wavuti kwa ajili ya wanunuzi wa viazi mviringo. Mnunuzi huandika amechukua magunia mangapi kwa mkulima yupi, ametanguliza shilingi ngapi na amebakiza deni kiasi gani. Niliowalenga ni wale wanaokusanya mzigo Umalila na Makete na kuupeleka Dar es Salaam.

Tatizo langu liko mlangoni. Kwa sasa mtu haoni chochote mpaka aandike jina, namba ya simu na nenosiri, kisha asubiri namba ya uthibitisho kwa meseji. Juma lililopita nilikaa sokoni na mama mmoja aliyeizoea biashara hii kwa miaka mingi. Jina aliliandika vizuri, lakini alipofika penye namba ya simu alinirudishia simu yangu akasema, "Mwanangu, daftari nililonunua dukani halikuniuliza namba. Nioneshe kwanza hili lako linafanya nini." Nilikosa jibu. Wapo pia waliojaza kila kitu, meseji ikachelewa, nao wakaendelea na mizigo yao.

Ninatamani kuufungua mlango, ila nina hofu mbili: taarifa za mtu asiye na akaunti zitakaa wapi, na nini kitamfanya ajisajili baadaye ikiwa tayari anatumia bure?

Fundi_Mafinga:
Ndugu, fungua. Duolingo, ile programu ya kujifunzia lugha, humwacha mtu achague lugha na kufanya somo la kwanza, ndipo humwomba afungue akaunti ili asipoteze alichokwisha kufanya. Nawe mpe mtu daftari tupu aandike gunia la kwanza. Usimjazie mifano ya kubuni: mimi katika mfumo wangu wa wauza mbao niliweka mteja wa kubuni mwenye deni, na mtu wa kwanza kuufungua akauliza kwa nini anaoneshwa madeni ya watu.

Kuhusu hofu ya pili, omba namba pale ambapo namba ina kazi. Akitaka mkulima atumiwe meseji ya salio lake, au akitaka kulifungua daftari lake kwenye simu nyingine, ataelewa mwenyewe kwa nini unaiomba.

Dada_Seva:
Nakubaliana na Fundi, ila hofu ya kwanza ndiyo nzito zaidi. Njia rahisi ni kuhifadhi taarifa ndani ya kivinjari chenyewe, yaani ile programu ya simu inayofungua tovuti. Haina gharama ya seva (kompyuta ya mtandaoni ya kutunzia taarifa), na ukiitengeneza vizuri mtu ataandika hata mtandao unapokatika huko milimani. Hata hivyo, hifadhi hiyo si kabati la chuma. Akiwa kwenye dirisha la faragha, kila kitu kinapotea akilifunga. Akifuta taarifa za kivinjari ili apate nafasi kwenye simu, daftari linakwenda pamoja nazo. Kivinjari cha Safari, kile cha simu za iPhone, nacho hufuta taarifa za aina hiyo endapo siku 7 za kukitumia kivinjari zitapita bila mtu kuigusa tovuti yako, na mnunuzi wa viazi msimu ukiisha anaweza kukaa miezi.

Kwa hiyo mwambie wazi, kwa maandishi yanayosomeka: "Daftari hili liko kwenye simu hii tu." Njia ya pili ni kumfungulia akaunti ya mgeni kwenye seva, isiyo na jina wala namba, inayotambuliwa kwa alama iliyohifadhiwa kwenye kivinjari, ila alama hiyo ikifutika, daftari linabaki kwako bila mwenyewe, na itakubidi uweke muda wa kuyafuta madaftari yaliyotelekezwa. Ningeanza na ya kwanza.

Mhasibu_Tukuyu:
Naongeza mawili. Daftari lako lina majina ya wakulima na madeni yao, watu ambao hawajawahi kuiona programu yako. Isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kabla majina hayo hayajafika kwenye seva. Pili, umeandika kwamba mama alikurudishia simu *yako*. Mimi pia nisingeandika namba yangu kwenye simu ya kijana niliyekutana naye sokoni.

Kijana_wa_Uyole:
Mhasibu, hilo la simu sikuwa nimeliona kabisa. Ahsanteni nyote. Nitaanza na hifadhi ya kivinjari, na kitufe cha "Tunza daftari langu" kitatokea baada ya kuandika gunia la tatu, si kabla. Swali moja: mtu akijaza akiwa mgeni, kisha akaingia kwa namba ambayo tayari ina akaunti, nifanyeje?

Dada_Seva:
Usifute upande wowote. Muulize kama maandishi haya mapya yaongezwe kwenye daftari la zamani, na umwoneshe idadi ya magunia ya kila upande kabla hajakubali. Kila andiko lipe utambulisho wake tangu linapoandikwa kwenye simu, ili mtandao ukikatika katikati na akabonyeza tena, gunia moja lisihesabiwe mara mbili.

Kijana_wa_Uyole:
Nimeelewa, dada. Jumamosi ninarudi sokoni, na safari hii mama ataifungua kwenye simu yake mwenyewe.