Waya wa laki mbili na nusu, stebilaiza, au nivute laini mpya? Mvumo kwenye spika unanimaliza

Kinda wa Tabata
Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu ni wa wale wanaokaa chini kusikiliza muziki, siyo wa sabufa za kutikisa bati la jirani, ingawa na hao wakija sawa tu.

Nina amplifaya ya Marantz ya zamani kidogo, spika mbili za kusimama, na tanteboli niliyorithi kwa babu pamoja na santuri zake za bendi za Western Jazz na NUTA. Vyote vinakula umeme kwenye ekstensheni moja pale sebuleni, pamoja na TV na king'amuzi. Shida ni mvumo. "Mmmmm" mzito, hata kama hakuna kinachopigwa. Juzi nimepita duka moja Kariakoo, muuzaji akanitolea waya wa umeme mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, plagi rangi ya dhahabu, laki mbili na nusu. Akaniambia, "Ukifunga huu kaka, utamsikia mpiga gitaa anavyovuta pumzi." Nimerudi nyumbani na hela yangu mfukoni, lakini usingizi hauji.

Nipo kati ya mambo matatu: huo waya, stebilaiza ya maana, kwa sababu jioni umeme huku unashuka (saa mbili usiku nilipima, mita ikasoma volti 198), au nimlipe fundi avute laini ya peke yake kutoka meini swichi. Mfuko unaruhusu kimoja tu. Nawasilisha.

Sabufa Mbagala
Nunua sabufa mkuu. Mvumo utakuwa sehemu ya besi.

Fundi wa Ilala
Mkuu, kabla hujatoa hata mia, tupige hesabu.

Waya uliokuja na amplifaya, huu tunaouita waya wa kompyuta, mara nyingi ni wa milimita za mraba 0.75. Urefu mita moja na nusu, kwenda na kurudi mita tatu, ukinzani wake wote ni kama omu 0.07. Amplifaya ikivuta ampia 2, na hapo umefungulia mpaka mjumbe anakuja kugonga, unapoteza volti 0.15. Kati ya 230 za kawaida! Ukutani kwako nadhani kuna waya wa milimita za mraba mbili na nusu. Tuseme mita 20 hadi meini swichi: hapo inapotea kama volti 0.6. Na kwa maelezo yako, jioni zimeshapotea volti 32 kabla hazijafika mlangoni. Sasa huo waya wa dhahabu unarudisha nini?

Halafu fungua plagi ya miguu mitatu uangalie fyuzi. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kama uzi wa kushonea. Umeme wote wa muziki wako unapita pale, hata plagi iwe ya dhahabu ya Geita.

Laini ya peke yake ni kitu kizuri, hasa kama friji na sebule viko sakiti moja na kompresa ikiwaka unasikia "tak" kwenye spika. Ila wewe hulalamikii "tak", unalalamikia mvumo. Mvumo usiokoma ni ugonjwa mwingine, na chanzo chake mara nyingi ni ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Swali moja: ukigusa bodi ya amplifaya ukiwa pekupeku, unasikia chochote?

Kinda wa Tabata
Fundi, umejuaje? Sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki napata kijitetemo kwenye vidole. Nilidhani ni kawaida ya vitu vya zamani.

Fundi wa Ilala
Siyo kawaida. Zima, chomoa, na usiguse tena pekupeku mpaka soketi hiyo ifunguliwe na mtu anayejua anachofanya, mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, siyo kijana wa kuunga pasi. Watoto wakae mbali pia.

Mzee wa Santuri
Vijana, hamjambo. Habari za waya ninazo, kwa sababu nilishaingia mkenge huo. Miaka ya nyuma mwanangu aliniletea waya wa bei kutoka Uingereza. Nikafunga, nikaapa sauti imefunguka. Shemeji yangu, mtu wa hesabu, akasema tujaribu. Akatundika kanga mbele ya kabati, akawa anabadilisha waya nyuma ya kanga huku mimi nimekaa kwenye kochi, nimemgeuzia mgongo. Mara nyingine anachomoa na kurudisha uleule ili nisijue. Santuri moja, upande mmoja, sauti haiguswi. Mara kumi. Nilipatia nne.

Ningerusha shilingi ningefanya vizuri zaidi. Waya ule sasa unawasha feni.

Kinda wa Tabata
Shikamoo mzee. Nne kati ya kumi nimecheka, samahani.

Mzee wa Santuri
Marahaba mjukuu. Cheka tu, hata shemeji bado anacheka.

Sikio la Mikocheni
Naheshimu wazee lakini sikubaliani. Mimi nilibadilisha waya na mikwaruzo iliyokuwa inatoka spika ya kushoto ikaisha siku hiyohiyo. Nyumba zetu siku hizi zimejaa chaja na taa za LED za bei chee, zinatupa uchafu kwenye umeme. Waya wenye kinga ya wavu wa shaba unasaidia. Mnaosema ni uongo hamjawahi kusikiliza kwenye mfumo mzuri.

Fundi wa Ilala
Uchafu wa chaja upo, wala sikatai. Ila ndani ya amplifaya umeme unapita transfoma, unapita daiodi, unaingia kwenye kapasita kubwa kama makopo ya nyanya, ndipo unakuwa muziki. Na uchafu umetembea mitaa mizima kwenye nyaya za nje, mita moja ya mwisho haitauosha. Kwako nadhani mkwaruzo ulikuwa kutu au soketi iliyolegea. Ulipochomoa waya wa zamani na kuchomeka mpya, ulisugua zile shaba. Ungechomoa na kurudisha uleule wa zamani ungepona vilevile.

Sikio la Mikocheni
Sawa fundi. Mimi nabaki na sikio langu.

Bi Kigamboni
Hapo kwenye kutu niulizeni mimi ninayekaa karibu na bahari. Soketi za bei rahisi huku chumvi inazila, mwaka mmoja tu shaba imegeuka kijani, plagi inachezacheza kama jino bovu na inapata moto. Ukigusa plagi baada ya saa moja ikawa ya moto, badilisha soketi leo. Na ile tabia ya kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, mume wangu alikuwa bingwa. Vishikizo vya ndani vinapanuka, baada ya hapo hata plagi halali haishiki.

Kuhusu ethi: mafundi wetu walitupigia chuma chake kwenye mchanga mkavu, kikawa pambo tu. Fundi mwingine akaja na kipimo, akaongeza vyuma viwili na kuvizamisha zaidi.

Stebilaiza ninayo, ya rilei. Kila umeme ukipanda au kushuka inagonga "tiki, tiki", na jioni hainyamazi. Kwenye friji sawa, kwenye muziki wa taratibu inakera. Nikajaribu inveta ya bei poa, kumbe mawimbi yake ni ya ngazi ngazi, transfoma ya redio ikaanza kuunguruma yenyewe hata spika zikiwa zimezimwa. Kama mtu anataka inveta kwa ajili ya muziki, aulize ile ya mawimbi laini.

Mzee wa Santuri
Bi Kigamboni amesema kweli. Niongeze: kwa amplifaya ya kawaida, 198 badala ya 230 inakupunguzia kama robo ya nguvu ya juu kabisa, na robo hiyo sikio hulisikia kwa shida. Kinachoua vyombo ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Dawa yake ni ile friji gadi, inakata, inasubiri utulie, ndipo inaruhusu. Bei yake haifiki popote karibu na huo mpira wa bustani.

Kinda wa Tabata
Mrejesho, wakuu. Fundi amekuja Alhamisi. Soketi ya sebuleni kaifungua mbele yangu: waya wa kijani wenye mstari wa njano, ndiyo ethi yenyewe, umekunjwa nyuma kama mkia wa mjusi, haujafungwa popote. Miaka sita nipo kwenye nyumba hii! Kaufunga, kapima na chuma cha nje, kabadilisha soketi mbili. Waya wa ekstensheni yangu kaukwangua kwa wembe, chini ya wekundu kukawa na weupe: alumini iliyopakwa shaba. Kautupa, kanitengenezea mwingine kwa waya wa moja na nusu wa shaba tupu.

Kijitetemo kimeisha kabisa. Mvumo ulipungua sana ila haukuisha. Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja: tanteboli, bado, TV, bado. Nilipofungua ile skrubu ya waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kimya. Nilisimama pale na waya mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata.

Fundi wa Ilala
Ndiyo yenyewe. Nguzo ya dishi imeshika ardhi kivyake, soketi nayo sasa imeshika ardhi kivyake, umeme mdogo unazunguka kati ya hizo mbili kupitia waya zako za sauti. Usije ukakata ethi ya amplifaya ili kuua mvumo, wapo wanaofanya hivyo na ni hatari. Nenda kwa mafundi wa redio za magari, wana kile kikopo kidogo cha kuondoa mvumo, unakipachika kati ya king'amuzi na amplifaya kwenye waya nyekundu na nyeupe.

Kinda wa Tabata
Nimekipata, nimefunga, hata nikiweka sikio kwenye spika sisikii kitu. Friji gadi pia nimechukua. Hesabu yote, fundi na vifaa, haijafika laki. Laini ya peke yake nitaiwaza siku nyingine, maana yule jamaa wa kuchomelea mageti nyuma ya ukuta akianza kazi taa bado zinapepesa.

Yule muuzaji wa Kariakoo kanipigia simu leo. Kashusha hadi laki moja na thelathini.

Sabufa Mbagala
Akifika elfu ishirini nishtue, nikafungie pasi.