Miwani inajaa ukungu nikivaa N95: nizoee tu?

Nesi wa Zamu: Wakuu habari za usiku. Nina miezi minne kazini, wodi ya magonjwa ya kifua, na navaa miwani. Nikivaa N95, ile barakoa ya kuchuja hewa, dakika tano nyingi, sioni hata mshipa wa mgonjwa. Wenzangu wanasema nizoee. Nyie mliopambana na korona 2020, mliwezaje?

Sista Mkongwe: Usizoee, mwanangu. Huo ukungu ni pumzi yako inatokea juu puani, na panapotoka yako ndipo inapoingia ya mgonjwa. N95 inachuja angalau asilimia 95 ya chembe, lakini ni kwa hewa inayopita kwenye kitambaa. Ikipata mwanya itapita hapo hapo.

Kile kibati cha puani usikibinye kwa mkono mmoja, kinasimama kama paa la nyumba. Weka vidole vya mikono yote miwili katikati, shuka navyo taratibu mpaka mashavuni. Mkanda wa juu ukae kisogoni kwa juu, wa chini shingoni, chini ya masikio. Halafu funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni, rudia. Ikigoma kabisa, dai aina nyingine. Nyuso hazifanani.

Mwaka ule mimi nilikuwa na moja tu, naitunza kwenye bahasha ya kaki yenye jina langu, msumarini. Mikanda ikalegea nikaipiga fundo, nikajiona mjanja! Ila nikuambie ukweli, sidhani kama ugonjwa niliupatia wodini. Wodini tulikuwa tunaogopa. Chumba cha chai tulikaa sita, dirisha limefungwa, barakoa zote chini, chapati mkononi na vicheko. Wiki haikuisha, wanne tukawa kitandani.

Baba Wawili: Sista kasema kweli tupu. Mimi nilinyoa ndevu za miaka tisa, mwanangu mdogo akanikimbia. Ndevu zikipita chini ya ukingo wa barakoa, umevaa pambo. Na dada, angalia sana wakati wa kuvua, maana hapo umechoka na pua inawasha. Glovu, gauni, safisha mikono, miwani ya kinga. N95 iwe ya mwisho, ukiwa umeshatoka chumbani, uishike kwa mikanda tu. Kisha mikono tena.

Nesi wa Zamu: Asanteni wakubwa zangu. Leo nimebinya kwa mikono miwili, ukungu umebaki kidogo kioo cha kushoto. Kesho naomba nijaribu ile N95 ya umbo la mdomo wa bata.

Sasa hilo la chumba cha chai limenitisha. Chetu kina dirisha moja, na lilipigwa rangi likagandana na fremu. Nimemwomba fundi, kasema Jumatatu. Mpaka hapo chai nakunywea kwenye ngazi za nje.

Sista Mkongwe: Nisogezee nafasi.