Hudi (kikinga jua cha mbele ya lenzi) ya lenzi pana: tupeane uzoefu, ipi imekufaa na ipi imekuponza?

Mtaa_wa_Pili (mleta mada)
Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilikuwa na harusi mjini Unguja. Ukoo mzima ukataka picha pale Forodhani, migongo baharini, saa kumi na moja jioni. Watu zaidi ya arobaini na nafasi ya kurudi nyuma hakuna, ikabidi niivute lenzi yangu ya zumu ya milimita 17-40 hadi 17 kabisa, upana wake wa mwisho. Jua liko kushoto, nje kidogo ya fremu. Nilikuwa nimefunga hudi ya mpira, ile ya duara inayokazwa kwenye nyuzi za filta za milimita 77. Dukani niliambiwa inakubali lenzi zote.

Nakagua kwenye skrini: pembe zote nne nyeusi ti, shangazi wa mwisho kulia kaliwa nusu ya mtandio. Nikaivua, nikapiga tena. Pembe safi, ila picha nzima imepauka kama imemwagiwa maziwa, na msururu wa madoa ya kijani umekatiza mpaka usoni kwa bibi harusi. Wenye lenzi pana mnafunga nini?

Kofia_ya_Kiua
Pole sheikh. Mimi hudi yangu naivaa kichwani. Kamera naiweka kwenye stendi, nasimama ubavuni, navua kofia na kuikinga jua mpaka kioo cha mbele chote kiwe kivulini. Chunga vidole tu. Kwa 17 vinaingia kwenye picha kabla hujajua.

Kisahani
Mkuu, hujaibiwa, umeuziwa kitu cha lenzi nyingine. Lenzi ya 17 kwenye kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) inaona digrii kama 104 kutoka pembe hadi pembe, lakini kutoka juu hadi chini ni kama 70 tu. Bomba la duara lenye kina cha maana litagusa pembe kwanza, hapana ujanja. Ndiyo maana hudi za lenzi pana zimekatwa kama petali za ua: petali ndefu juu na chini, fupi kushoto na kulia, na pengo kila pembe. Zinafuata umbo la sensa, si urembo.

Hudi halisi ya 17-40 ni Canon EW-83E. Ni pana na fupi kama kisahani, na ndiko nilikotoa jina langu hapa. Ukiitazama unajiuliza inakinga nini. Kusema kweli inakinga kidogo, kwa sababu imepimwa kwa 17. Ukivuta hadi 40 ingefaa iwe ndefu zaidi, lakini yenyewe imebaki pale pale. Hilo ni tatizo la kila lenzi ya zumu, usilitegemee kuisha.

Wenye kamera za sensa ndogo wana afueni. Humo 17-40 inaona kama 27 hadi 64, kwa hiyo hudi yenye kina zaidi inaweza kukaa bila kuonekana. Mimi nafunga EW-83J, ambayo kwa asili ni ya lenzi ya 17-55. Inaingia kwenye meno yale yale ya kufungia hudi na tofauti naiona, hasa jua la ubavuni.

Mama_Studio_Msa
Mimi nilianza na lenzi ya 18-55 ya zamani iliyokuja na kamera. Nikaona watu wana hudi za petali, nami nikatafuta yangu hapa Mombasa. Ile lenzi ikitafuta fokasi, sehemu ya mbele yote inazunguka! Petali ndefu iliyokuwa juu sasa iko pembeni. Picha moja pembe safi, ya pili nyeusi, nikadhani kamera ina jini. Baadaye ndipo nikagundua kwa nini Canon waliitengenezea hudi ya duara, EW-60C. Toleo la baadaye, lile la STM, halizunguki mbele, ndiyo maana likapewa ya petali.

Na jambo jingine: ukitumia flashi ya juu ya kamera, vua hudi. Nilipiga keki ya mtoto ikatoka na kivuli cha nusu mwezi upande wa chini, kimeficha mpaka jina lake.

Ngazi_Kumi_na_Nane
Kuna watu wanatembea na hudi imegeuzwa nyuma na huku wanapiga picha. Hiyo ni bangili, si hudi.

Mpiga_Ukuta
Kabla hujalipa, omba uijaribu dukani. Lenga ukuta mweupe au anga, lenzi iwe kwenye upana wa mwisho, fokasi mbali kabisa, piga kwa f/16 (upenyo mdogo) kisha kwa upenyo mkubwa kuliko yote. Kwa f/16 kivuli cha hudi kinatoka na ukingo mkali, hakijifichi. Kwa upenyo mkubwa kinatawanyika, ni rahisi kukikosa. Kama unatumia filta, iache humo humo, maana fremu nene ya filta huisogeza mbele hudi ya nyuzi kama yako.

Chungulia na ndani yake. Ikiwa plastiki inang'aa, itarudisha mwanga kwenye kioo. Nzuri ina weusi uliofifia au kitambaa kama mahameli.

Kisahani
Kweli. Ila jua likiwa ndani ya fremu, hudi yoyote ni mapambo. Hapo futa kioo vizuri, alama ya kidole inaongeza ukungu.

Mama_Studio_Msa
Mimi hata isipokinga mwanga siivui. Kamera yangu iligonga ngazi za mawe, hudi ikapasuka, kioo hakina hata mkwaruzo.

Ngazi_Kumi_na_Nane
Mleta mada, huo mpira wako uliukunja? Nyingi zina mikunjo mitatu. Lenzi ikiwa kwenye upana unaukunja wote nyuma.

Mtaa_wa_Pili
Mikunjo ipo, sikujua kazi yake! Nimejaribu ukutani leo asubuhi. Ukiwa umenyooka, pembe zinasafika nikifika kama 35. Ukiwa umekunjwa wote, 24. Kwa 17 bado unakula pembe. Nimeagiza kisahani, na mpira nitaubakiza kwa lenzi yangu ya 50, nikipata pete ya kuuunganisha nayo.

Shangazi kapiga simu mara mbili. Anauliza mtandio wake umekwenda wapi.