Parnell wa Ireland aliangushwa na nini hasa?

Swali:
Wakuu naomba kueleweshwa, Charles Stewart Parnell, kiongozi wa chama cha Waireland kwenye bunge la Uingereza, uchaguzi wa 1885 chama chake kilitoka na wabunge 86, mwaka uliofuata waziri mkuu wa Uingereza Gladstone akapeleka muswada wa Ireland kujitawala, sasa ilikuwaje 1890 watu wake wenyewe wakamkataa?

Jibu 1:
Mkuu ni ishu ya mwanamke. Aliishi miaka na Katharine O'Shea na wakazaa, mumewe naye alikuwa mbunge, mume akadai talaka mahakamani, Parnell hata hakujitetea. Gladstone akaona akibaki kiongozi mambo yataharibika, maaskofu wa Ireland nao wakamgeuka, Desemba chama kikapasuka.

Jibu 2:
Mi kinachoniuma ni kwamba 1889 tu alikuwa shujaa. Gazeti la Times lilikuwa limechapisha barua eti ya kwake ya kutetea mauaji, kumbe imeghushiwa na mtu anaitwa Pigott. Mbele ya tume ya majaji Pigott akaambiwa haya andika maneno haya hapa, akaandika, na neno moja akalikosea spelingi vilevile kama alivyokosea kwenye barua zake! Parnell aliporudi bungeni wakasimama kumshangilia. Hao hao!

Muuliza swali:
Duh. Akaishia wapi sasa?

Jibu 1:
Alimuoa Katharine Juni 1891, akawa anazunguka Ireland kupiga kampeni na afya imeshachoka kabisa, Oktoba akafariki, miaka 45 tu jamani.