Mtaa umejaa nyumba, shule ni ile ile: tupeane uzoefu

Bonde la Msimbazi:
Wakuu, uandikishaji wa darasa la kwanza umeanza na tangazo ni lile lile: nafasi zimejaa. Huku pembezoni mwa Dar es Salaam, Chanika, Kivule, Mbande, Goba, Madale, kila palipokuwa na mikorosho sasa pana bati. Leteni uzoefu wa mtaa wenu, nini kinakwamisha na nini kimesaidia. Tuje na hesabu.

Kamba na Futi:
Hesabu ianzie shambani. Ekari 10 ni kama mita za mraba 40,470. Ukikata mita ishirini kwa ishirini unapata viwanja 100 usipoacha barabara. Ukiacha, 75 hadi 80. Kila kiwanja kikiwa na watoto wawili wa shule ya msingi, hao ni 160. Kwa kiwango cha 45 kwa chumba, shamba moja limekula madarasa manne, na dalali haulizwi shule iko wapi. Zikijengwa nyumba za kupangisha uani, zidisha mara mbili.

Jambo jingine: watoto hawaji mwaka viwanja vinapouzwa. Miaka miwili ya mwanzo ni msingi na boma. Watu wanahamia nyumba haijapigwa lipu, wengi wazazi vijana, watoto bado wa mgongoni. Wimbi linafika shuleni mwaka wa tano au wa sita, na likishaingia darasa la kwanza halitoki mpaka limalize madarasa yote. Anayehesabu maboma leo anajua Januari ipi italia.

Mama Kibada:
"Dalali haulizwi." Hapo umemaliza.

Chaki Moja:
Tatizo mnalijua kwa juu, ngoja niwaingize ndani ya chumba. Chumba cha madawati 15, watoto watatu watatu, ni 45. Sasa weka 130. Dawati linabeba watano. Wa pembeni anakaa nusu, mkono wa kuandikia unaning'inia hewani, ndiyo maana herufi zake zinateremka mstari. Waliobaki wako sakafuni, wa mbele kabisa wamegusa ukuta wa ubao, vumbi la chaki linawashukia kichwani. Mwalimu ana nafasi ya hatua moja, kupita katikati hawezi.

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawa kwa 130: kila mtoto anapata chini ya sekunde 14 za kusikilizwa akisoma. Daftari 130 ukisahihisha kwa dakika moja moja ni saa mbili na dakika kumi, na hilo ni somo moja. Ndipo shule inakimbilia zamu mbili. Vyumba vinapumua, lakini wa mchana wanafika wamechoka na jua, wanatoka giza linaingia, na mwalimu ni yule yule wa asubuhi.

Vyoo ndivyo vinavyosahaulika. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wale 160 wa shamba moja, nusu kwa nusu, wanahitaji matundu manane mapya. Chumba kikijengwa bila tundu, wasichana wakubwa ndio wa kwanza kukosa vipindi.

Sauti ya Goba:
Sasa si kila mtu apeleke wake shule binafsi? Mbona kujenga nyumba mmeweza?

Mama Kibada:
Mkuu, mpangaji wa chumba kimoja unamwambia hivyo? Ada ya muhula inazidi kodi yake. Tena elimu bila malipo ilianza Januari 2016 ili mtoto huyo huyo asome.

Sauti ya Goba:
Ikaanza, na madarasa hayakuongezwa kwa kasi ile ile. Ndilo nilitaka kusema.

Mjumbe wa Shina:
Acheni ugomvi, kuna kubwa zaidi. Mtaa mmoja mpya, jina naliacha, mchoro wa mipangomiji ulikuwa na eneo la shule ya msingi. Likakaa miaka bila uzio, watu wakalima mihogo. Mwaka jana likaota ukuta. Kumbe limekatwa viwanja sita na kuuzwa usiku usiku, wanunuzi wameshikilia karatasi za mauziano zenye mhuri. Watoto wa pale wanavuka bonde kwenda shule ya mtaa wa pili, na mvua za masika bonde halipitiki.

Mama Kibada:
Mungu wangu. Nani kasaini?

Bonde la Msimbazi:
Mjumbe, endelea! Ukuta bado upo?

Kamba na Futi:
Wakati tunasubiri: nendeni idara ya mipangomiji ya halmashauri, ombeni kuona mchoro wa eneo lenu, mtafute kiwanja kilichoandikwa shule. Kisha ulizeni kama kimepimwa, maana mchoro bila bikoni (alama za mpaka) haulindi kitu. Kikiwa na bikoni, kamati ya mtaa ipande minyaa kuzunguka mpaka msimu huu huu. Kubadili matumizi kunaombwa kwa mamlaka ya upangaji, hakufanywi kwa mhuri wa mtaa.

Fundi Jamvi:
Na mkishapata eneo, msianze maboma matatu. Malizeni chumba kimoja mpaka bati, anzeni shule shikizi, yaani tawi dogo chini ya shule mama. Boma lililoishia kwenye linta likinyeshewa misimu miwili, kozi za juu zinalegea na utabomoa. Tofali za nchi sita, mfuko mmoja wa saruji utoe 30 hadi 35. Anayetoa 50 anauza mchanga. Madarasa ya fedha za UVIKO-19 ya 2021 yalipangiwa shilingi milioni 20 kwa chumba, pamoja na madawati. Pimieni hapo.

Jirani wa Kitengela:
Huku Kenya ni hayo hayo. Ploti za futi hamsini kwa mia zimejaa fleti, halafu Januari 2023 sekondari ya msingi (Gredi ya 7 hadi 9) ikaanza kuwekwa ndani ya shule za msingi, na Gredi ya 9 ikafuata 2025. Uwanja wa mpira ndio uligeuka madarasa.

Chaki Moja:
Sisi Tanzania yetu ni 2028. Darasa la sita wa mtaala mpya, unaoishia hapo, na darasa la saba wa zamani wanamaliza pamoja 2027, wanaingia kidato cha kwanza mwaka mmoja. Kata yenye sekondari moja na viwanja vipya kila kona ianze kuchimba msingi sasa.

Bonde la Msimbazi:
Mjumbe, ukuta?

Mjumbe wa Shina:
Upo. Shauri liko baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Bikoni mbili za kaskazini zimeng'olewa, za kusini wazee wamezifukia kokoto na kuzipiga picha kabla hazijaguswa.