Stoo ya kampuni kubwa ya mtandaoni au duka dogo la TikTok? Waliofanya kazi huko Kampala waseme

KijanaWaMalaba (aliyeanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimepata ofa mbili kwa mpigo na zote zinataka jibu kabla ya Jumamosi.

Ya kwanza ni kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni, stoo yake iko upande wa Namanve. Kazi ni kupokea mizigo, kuskani, kupanga na kufunga oda. Mshahara 650,000 kwa mwezi kabla ya makato, kazi ya zamu, mkataba wa mwaka mmoja. Ila mkataba hauna jina la kampuni. Umeandikwa kwa jina la wakala wa ajira.

Ya pili ni duka dogo la simu na vyombo vya jikoni, chumba kimoja kwenye arkedi, jengo la maduka, pale mjini. Wanauzia TikTok na WhatsApp. 450,000 mkononi, pamoja na kamisheni kwa kila nitakachouza. Hakuna karatasi yoyote. Bosi ni mama mmoja, anaonekana mtu mwema.

Nimemaliza diploma, naishi Kireka kwa kaka yangu. Majina ya kampuni msitaje, nataka kujua kazi yenyewe ilivyo.

MamaStoo

Mdogo wangu, karibu. Nilikuwa stoo ya aina hiyo. Nianze na mazuri, maana yapo. Mshahara ulikuwa unaingia tarehe ileile kila mwezi. Nilijua kusoma stoku kwenye kompyuta, kufuatilia mzigo uliopotea tangu kwa muuzaji mpaka mlangoni kwa mteja, kupanga rafu ili mtu asitembee bure. Wenzangu kadhaa walichukuliwa na supamaketi na kampuni za usafirishaji kwa sababu ya ujuzi huohuo.

Sasa ngoja Novemba. Zile ofa za Black Friday zikianza, stoo hailali. Unasimama tangu saa moja asubuhi, printa inatema oda bila kukatika, msimamizi anapita na karatasi ya tageti. Kila mtu ana idadi yake ya oda kwa saa. Ukienda chooni skana yako inanyamaza, na kunyamaza huko kunaonekana kwenye kompyuta ya bosi. Nilimwona binti mmoja akifunga sufuria kwenye boksi huku machozi yanamtoka, na mikono haikusimama hata kidogo. Jioni mnapanga foleni mlangoni kupekuliwa mifuko, mmoja mmoja, na huo muda wa foleni hakuna aliyetulipa.

Watu huogopa kubeba mizigo mizito. Kinachokumaliza ni kusimama. Mshahara wa kwanza nunua viatu.

Mhasibu256

Mnalinganisha 650,000 na 450,000 kana kwamba ni pesa za aina moja. Tupige hesabu.

PAYE, yaani kodi ya mshahara: 235,000 za kwanza hazikatwi kitu. 100,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 10, halafu 75,000 asilimia 20, na zilizobaki asilimia 30. Kwa 650,000, URA, wale wa mamlaka ya mapato, wanaondoka na 97,000. NSSF yako, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 5 ni 32,500. Unabaki na 520,500, na ikifika Julai kuna ile kodi ya huduma ya serikali za mitaa nayo. Kwa hiyo Namanve inamzidi yule mama kwa 70,500 tu mkononi, si laki mbili.

Lakini kuna pesa usiyoiona. Mwajiri anatakiwa kukuwekea NSSF asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, yaani 65,000. Ukijumlisha na yako, kila mwezi 97,500 zinalala kwa jina lako. Na asikudanganye mtu kwamba duka dogo halihusiki. Zamani ilikuwa waajiri wenye watu watano kwenda juu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia.

Muulize huyo mama. Akinuna, umeshajibiwa.

BodaKireka

Banange, nyinyi wa stoo mnalia mkiwa kivulini!

Mimi nasambaza mizigo ya hizo kampuni. Kwanza mimi si mfanyakazi, karatasi inasema ni "mshirika". Nalipwa kwa mzigo uliofika. Usiofika, petroli ni yangu. Mteja anaandika anwani: "Kisaasi, geti jeusi, ukipita mwembe." Unafika, mtaa mzima mageti meusi. Unapiga simu, anasema niko kwenye mkutano, rudi saa kumi. Saa kumi simu imezimwa. Mwingine anafungua boksi, anaiwasha blenda ukiwa umesimama hapo kwenye jua, anaisikiliza, anasema ilivyoungurumia hajapenda. Jioni stoo inaupokea mzigo wake salama, mimi sina kitu.

Hii ya kulipa baada ya kupokea ndiyo inatuumiza. Ila ukiiondoa hakuna atakayeagiza, maana watu wameliwa sana na kurasa za kutaka pesa kwanza.

Mdogo wangu, swali lako la kwanza liwe hili: mzigo ukirudi, hasara ni ya nani? Mengine yote ni maneno.

MamaStoo

BodaKireka, kuhusu kivuli, bati la Namanve saa nane mchana silo la kumtamania mtu. Lakini swali lako ni la maana. Kwetu kulikuwa na rafu nzima ya vilivyorudi, pasi za umeme zisizo na waya, viatu vya mguu mmoja. Kila kimoja kilikuwa na ugomvi wake: nani alikifunga, nani alikipokea, nani hakuandika.

DadaWaNtinda

Mimi niongelee hilo duka dogo, maana nilianzia hapo.

Asubuhi unafungua WhatsApp unakuta "bei?" ziko kama mvua. Bei umeiandika kwenye picha, kwa herufi kubwa, bado anauliza bei. Unamjibu kwa adabu. Mchana unakimbilia Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, kufuata vilivyoisha, unarudi, unafunga mizigo, unabembeleza boda. Usiku ni laivu ya TikTok mpaka saa sita, unachekacheka mbele ya simu na njaa imekushika. Na kwa sababu "sisi ni familia", nilikuwa natumwa kuchukua watoto wa bosi shuleni. Hiyo haikuwa na kamisheni.

Kamisheni yenyewe ilikuwa kichwani kwa bosi. Desemba alikuwa anaikumbuka vizuri. Januari watu wanalipa ada za shule, hakuna anayenunua simu, basi tunaambiwa tuvumiliane. Januari 2021 ndiyo sitaisahau: intaneti ilizimwa siku za uchaguzi, hatukuona oda hata moja, na Facebook ikafungiwa, tangu wakati huo huiingii mpaka uwe na VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Wateja wote tuliowakusanya kule ikabidi kuanza kuwatafuta upya.

Haya, lakini leo nina duka langu. Najua nani Kikuubo anauza halisi na nani anachanganya, najua simu gani inatoka mwezi gani, najua kumsoma mteja mjanja kabla hajamaliza sentensi. Stoo isingenifundisha hayo. Kama ndoto yako ni biashara, ule ni ufundi na unalipwa huku unajifunza. Kama unataka tu mshahara, kimbia.

Nyota_Mbale

Kwenye hizo kampuni kubwa, badala ya stoo omba kitengo cha huduma kwa wateja. Unakaa kwenye kiti. Unatukanwa kwa Kiganda, Kinyankole na Kiingereza siku moja, lakini umekaa.

MzeeWaArua

Vijana, nasikia mtu akitaja kampuni kubwa mnasikia usalama. Haya ni mambo yaliyo wazi, si umbea: Jumia walifunga Tanzania Novemba 2019, Rwanda Januari 2020, na huduma yao ya kuletea chakula wakaifunga Desemba 2023 katika nchi zote ilikokuwa, Uganda ikiwemo, ingawa duka lenyewe la mtandaoni hapa liliendelea. SafeBoda, wale wa boda za kuita kwa simu, ni wa hapahapa nyumbani, nao waliondoka Kenya Novemba 2020. Siwalaumu, biashara ni hesabu. Ila hesabu hiyo inapigwa mbali, na meneja wako wa Namanve anaweza kuisoma kwenye simu siku moja na wewe.

BodaKireka

Mzee wetu, na yule mama akihamia Guangzhou kule China kufuata mzigo, kijana atabaki na nani?

MzeeWaArua

Ssebo, angalau huyo atamuaga.

AliyekuwaHR

Nimefanya ofisi ya rasilimali watu kwenye sekta hii, kwa hiyo nitaongea kuhusu huyo wakala, kwani ndiye anayenitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote hapa.

Ukiwa chini ya wakala, unavaa fulana ya kampuni, unatumia skana ya kampuni, unafokewa na msimamizi wa kampuni, lakini mwajiri wako ni ofisi nyingine kabisa. Wakala akinyang'anywa zabuni, kazi yako inaisha na rafu ziko palepale. Wakala mpya anakuja, anawachukua tena baadhi yenu, na mnaanza majaribio upya. Mtu anaweza kukaa stoo moja miaka mingi na kwenye karatasi akawa mgeni kila mwaka. Hiyo inagusa haki zako moja kwa moja, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2006 inahesabu muda. Mtu aliyefanya kazi kati ya mwaka mmoja na mitano anapewa notisi ya mwezi mzima. Ambaye hajafikisha mwaka lakini amepita miezi sita, wiki mbili tu.

Mengine ya kushika kutoka sheria hiyohiyo: saa za kawaida zisizidi 48 kwa wiki, siku moja ya kupumzika, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na likizo ya siku 7 kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Majaribio ni miezi sita. Kuyaongeza kunahitaji ukubali mwenyewe. Na hii ni kwa yule mama wa arkedi: mwajiri anatakiwa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12. "Tunaaminiana" si mkataba.

Kima cha chini cha mshahara msikitegemee. Kilichopo kwenye vitabu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais hakuusaini.

Mhasibu256

6,000. Kikomando mbili, chapati na maharage, na soda.

KijanaWaMalaba

Asanteni sana wote, dada zangu hasa. Leo nimepiga simu kotekote.

Wakala: NSSF ipo, amenitumia hata fomu. Saa za ziada anasema "tutaangaliana". Mkataba wao na kampuni unaisha lini, hataki kusema. Kuhusu hasara, anasema kitu kikipotea au kuvunjika kwenye zamu na mhusika hajulikani, zamu nzima inagawana.

Yule mama: NSSF amecheka, anasema labda mwakani. Lakini hakununa. Amekubali kuandika kamisheni kwenye karatasi, asilimia 3, inalipwa kila Jumamosi. Mzigo ukirudi hasara ni yake, amesema bila kusita. Kwa kweli moyo umeanza kuhamia kwake.

AliyekuwaHR

Hiyo ya zamu nzima kugawana usiipokee kwa mdomo. Kukatwa mshahara kwa kosa la mtu mwingine ni jambo la kufikisha kwa afisa wa kazi wa wilaya. Na mwambie wakala "tutaangaliana" aiandike kwa tarakimu.

DadaWaNtinda

Asilimia 3 ya nini? Ya bei au ya faida?

Usijibu haraka. Simu ya 600,000, asilimia 3 ya bei ni 18,000. Ukiuza mbili kwa siku umeishinda Namanve na nauli yake. Lakini simu hiyohiyo faida inaweza kuwa 40,000 tu, na asilimia 3 ya hapo ni 1,200. Hiyo hata rolex, chapati ya mayai, haikununulii.

KijanaWaMalaba

Ngoja nimpigie.

BodaKireka

Tunasubiri hapa. Mimi nina mzigo wa Kisaasi, mwenyewe hapokei simu.

KijanaWaMalaba

Ya faida. Tena baada ya kutoa pesa ya boda na bando la laivu.

Basi naenda Namanve, kutoka Kireka asubuhi napishana na jam ya watu wanaoingia mjini. Nimemwambia wakala ile habari ya kugawana hasara aiandike kwenye mkataba jinsi alivyonieleza. Amesema atanijibu Jumatatu.

MamaStoo

Usisaini Jumapili.